Posho ya Deo Haikuguswa

Jumatatu, 6 Machi 1995
Zamu ya asubuhi, leba. Miguu imevimba, viatu nimevikanyaga visigino. Mama mmoja wa Kisukuma, mwenyewe yuko kwenye uchungu, kaliangalia tumbo langu akaniuliza mimi nitazalishwa na nani. Tumecheka wote wawili.

Mchana mkuu wa chuo kaniita. Nikienda kujifungua, posho inasimama. Nikirudi, naingia darasa la nyuma, narudia mwaka. Nikauliza habari ya likizo ya uzazi.

“Nyie ni wanafunzi, si watumishi,” kasema.

Kwenye zamu mimi ni mtumishi. Kwenye posho ni mwanafunzi. Nimetoka bila kuaga.

Jumanne, 7 Machi
Deo ni mume wangu na tuko darasa moja la uuguzi. Tulifunga ndoa mwaka jana, kwa kibali cha chuo hichohicho. Leo mkuu kampa mkono wa hongera mbele ya wenzetu. Posho yake haikuguswa. Darasa lake halikuguswa.

Jioni, chumbani kwetu mtaa wa Makanyagio, kasema nisijali, tutakula yake. Sitaki yake. Nataka yangu.

Alhamisi, 9 Machi
Nimekwenda kwa Mama Salome, mlezi wetu wa wanafunzi, mkunga wa siku nyingi. Nilidhani atanisimamia. Kanisimulia ya kwake. Alipokuwa chuoni alifunga tumbo kwa kitenge ndani ya sare, akajifungua wakati wa likizo, mtoto akamwachia mama yake mzazi amlee. Akarudi darasani maziwa yanamvuja.

“Sisi tulivumilia, mwanangu.”

Nikamuuliza huyo mtoto yuko wapi sasa. Akaanza kukunja mashuka. Nimeona haya, lakini hasira iko palepale.

Jumatano, 15 Machi
Kaja mgeni kutoka wizarani. Tumekusanywa ukumbini. Kauliza kama kuna mwenye swali. Nikasimama, tumbo mbele. Nikasema mtoto huyu ni wa wanafunzi wawili wa darasa hili, kwa nini kukatwa posho ni kwa mmoja. Wenzangu walionituma niseme wakaangalia sakafu. Mgeni akasema suala litaangaliwa, halafu wakaenda kunywa chai.

Ijumaa, 17 Machi
Mkuu anataka radhi, eti nimemwaibisha. Nimekataa. Mchana nasikia radhi imeshaombwa. Deo. Kaenda ofisini kimyakimya, kaomba kwa jina langu.

“Wangetufukuza wote wawili, Vero.”

Nikamuuliza yeye angefukuzwa kwa kosa gani. Nimehamia chumba cha mama mwenye nyumba. Sijawahi kumchukia mtu namna hii, na bado ndiye mume wangu.

Jumatatu, 20 Machi
Naondoka. Nimepata lifti ya lori la mahindi kwenda Usevya, kijijini kwa mama, nikajifungulie huko. Deo kabeba begi, sikumsemesha.

Mama Salome kanifuata stendi. Kaniletea pamba, wembe mpya na uzi wa kitovu, vimefungwa kwenye khanga. Kaegemea lori.

“Yule mtoto ananiita dada. Mpaka leo.”

Kisha akasema anakwenda kuonana na mkuu, na safari hii hakai chini mpaka asikilizwe. Akaondoka haraka. Njia nzima nimelia, dereva kajifanya haoni.

Jumapili, 23 Aprili
Msichana. Kazaliwa Alhamisi. Mkunga wa hapa kijijini kafanya kila kitu sawasawa. Mimi mwenyewe nilisahau yote niliyofundishwa, nikapiga kelele kama wengine. Mzima. Mimi pia.

Jumamosi, 13 Mei
Deo kafika, tope mpaka magotini. Lori lilikwama, katembea kipande cha mwisho.

Kaleta habari. Mama Salome kabishana na mkuu siku tatu. Narudi darasa langu, nafanya mitihani na wenzangu, mradi nifidie zamu zote. Mtoto naruhusiwa kuja naye. Posho, hapana. Hata ya mwezi mmoja, hapana. Miezi yote hiyo nimezalisha watoto wa watu kwa mikono hii.

Deo aliomba afidie nusu ya zamu zangu. Aliongea ameinamisha kichwa.

“Walinicheka, Vero. Ofisi nzima.”

Sikumpoza. Mimi walinicheka toka Machi. Lakini kwenda alikwenda, safari hii kwa jina lake mwenyewe.

Nitarudi mwezi ujao. Swali langu nitaliuliza tena, kwa kila mgeni atakayeletwa ukumbini.

Nikampa mtoto. Hakujua mkono aweke wapi, nikamwonyesha. Sasa kalala kifuani pake na baba mtu hathubutu kujigeuza. Mama anaanika mpunga uani. Maji yangu ya moto yako tayari. Naenda kuoga polepole.