Barafu Nyumbani kwa Shangazi, Ibra, Omani

Dada'angu Salma,

Hujambo huko Unguja? Huku joto linaivisha tende, lakini jana televisheni ya Shangazi ilijaa barafu. Kijana kamnyanyua binti juu ya kichwa, wanateleza kwa viatu vyenye visu chini. Shangazi akainuka kuizima. "Mkewe huyo?" akaniuliza. Nami nataka kuona mwisho, nikasema ndiyo. Akakaa, akamsifu mume.

Nilisahau kuwa Kiarabu anakijua kunishinda. Mtangazaji akasema wawili hawa wameshindana pamoja miaka kumi, sasa wanastaafu, na binti anaolewa na daktari.

"Ya Rabbi! Kambeba miaka kumi, wala hakumposa?"

Tangu hapo hanisemeshi, ila kaniagiza nikuulize: mumeo anaweza kukunyanyua?

Nduguyo akukumbukaye,
Zahran