Mafuta Uliyopaka Kwenye Breki

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, si kwa sababu nyingine.

Unakumbuka siku ulipoileta ile baiskeli ya umeme hapa Masieda? Uliinunua kwa mwalimu aliyehamishwa. Mama alicheka hadi akakaa chini, alipokuona unapanda kilima bila kukanyaga pedali. Ukanipakia nyuma hadi shuleni na kurudi. Ukaniambia, "Hii ni yetu wote. Wewe uende kwa wagonjwa wako, mimi niende mnadani." Mimi mhudumu wa afya wa kijiji, niliyezoea kuzunguka nyumba hadi nyumba kwa miguu, nililia kwa furaha. Siku hiyo ulikuwa kaka kweli. Hilo siwezi kulifuta, ingawa nimejaribu.

Halafu breki zikaanza kupiga kelele. Ukizishika, watu mnadani wanageuka na kucheka. Wewe hupendi kuchekwa. Asubuhi moja ukachukua mafuta ya alizeti jikoni, ukapaka zile sahani za chuma zinazobanwa na breki, mbele na nyuma. Kelele zikaisha. Hukuniambia.

Saa nne nikaondoka kwenda kumwona mama mmoja aliyejifungua, ng'ambo ya korongo. Kwenye mteremko nikashika breki zote mbili. Nilizikamata kwa nguvu zangu zote na baiskeli haikupunguza mwendo. Ile betri ni nzito, kaka. Chini kulikuwa na ng'ombe wanavuka, na watoto nyuma yao. Nikajitupa kwenye ukingo.

Mguu ulivunjika mara mbili. Nikiwa nimelazwa hospitali ya Haydom, mama alikuuliza imekuwaje. Ulisimama pale pale kando ya kitanda changu, ukamjibu, "Anakimbiza mno. Nilishamwonya." Nami nikaamini! Wiki nzima nilijiuliza nilikuwa nakimbilia wapi.

Niliporuhusiwa nikaipeleka baiskeli kwa fundi. Akafungua pedi za breki, zile zinazobana sahani, akazinusa.

"Dada, nani kapaka mafuta huku?"

"Hayapakwi?"

"Hapa hapapakwi kitu. Pedi ikishanyonya mafuta haishiki tena, ni ya kutupa. Kama ilikuwa inalia, mngeileta niisafishe."

Nilikukuta uani nikakuuliza. Ukasema, "Yalikuwa kidogo tu. Usimwambie mama, ana presha." Nikanyamaza. Nilidhani utamwambia mwenyewe siku moja, kwa wakati wako. Badala yake ukaenda Arusha, na mama akamfuata mwenyekiti wa kijiji, akamwomba kazi yangu apewe mtu aliyetulia. Akapewa mwingine.

Mama alipokuwa anaumwa mara ya mwisho, alinishika mkono akasema, "Punguza haraka, mwanangu."

Nikamwitikia, "Ndiyo, mama."

Amekufa akijua hivyo. Kwenye msiba mama mkubwa akasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyempa dada yake mawazo. Wewe ulikuwa umekaa karibu naye, unakunywa chai.

Baiskeli ninayo bado, naipanda kwenda shambani. Kila Jumamosi nafuta sahani kwa kitambaa safi chenye spiriti, naangalia pedi zimebaki unene gani, navuta waya nione kama umelegea. Mteremkoni naanza kupunguza mapema, nashika zote mbili na kuachia, nashika na kuachia, ili zisipate moto. Nimewafundisha wanawake wawili wa hapa wenye baiskeli kama hii. Wanadhani napenda ufundi. Hawajui kwamba kila nikiinama pale nakutukana.

Juzi ukanitumia ujumbe, wa kwanza tangu tumzike mama: "Baiskeli bado ipo? Kuna mtu huku anaitaka." Hukuuliza hata mguu unaendeleaje. Nachechemea, kwa taarifa yako.

Basi jibu langu ni hili. Panda basi uende Dirma kwa mama mkubwa, ndiye pekee aliyebaki kwao. Mwamkie, kaa chini, umweleze ulichopaka na ulichomwambia mama pale hospitali. Sitaki uniombe radhi mimi. Nataka mtu mmoja mwenye damu ya mama ajue, na alisikie kutoka kinywani mwako. Akishanipigia simu, njoo uichukue baiskeli, ni yako. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na hapo sitamweleza habari za mafuta peke yake. Nitamweleza wewe ni mtu wa namna gani.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemwacha alaumiwe