Kalumba na Kisimba ni Mtu Mmoja

Liège, Alhamisi jioni

Mama yangu mpenzi,

Mguu ule unaokusumbua wakati wa mvua, umetulia? Na usingizi, unaupata? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenizoea mimi kuliko nilivyoizoea. Nakuandikia nikiwa nimeshiba ndakala zako, dagaa wakavu wa ziwa letu. Mulongo, mtoto wa jirani yetu fundi cherehani, alinifikishia Jumapili aliporudi masomoni, zimefungwa katika kitenge chako cha zamani. Kabla ya kuzikaanga nilikinusa kitenge kwanza. Ule moshi wa jiko letu ulinirudisha mpaka nyuma ya nyumba, ziwa likionekana kati ya nguo ulizoanika, na Papa wetu akirudi kutoka kazi ya reli, kofia mkononi. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alipanda kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Nilimpa chache, akala na vichwa.

Sasa sikiliza habari, maana wiki iliyopita nilikaribia kukosa kazi kwa sababu yangu mwenyewe.

Unajua natafuta chanzo cha kansa ile inayowavimbisha watoto taya. Tunachogundua tunakiandika, makala zinachapwa, na mwenzangu popote duniani akitumia nilichoandika, lazima ataje jina langu. Huku mtu anapimwa hivyo. Hawaulizi umechoka kiasi gani, wanauliza nani amekutaja. Na maabara yetu ilikuwa na nafasi moja tu ya kudumu. Nikiikosa, nafunga mizigo, na kazi ya wale watoto inabaki nusu.

Basi mkubwa wetu, profesa mmoja mzee, akaniita ofisini kwake akiwa na uso wa msiba.

"Kisimba," akasema, "wewe ni mchapakazi, lakini wanaokutaja ni wachache mno. Tena kila unachoandika unamfuata mtu mmoja. Kalumba alisema hivi, Kalumba aliona vile. Huna mawazo yako mwenyewe?"

Mama, nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka.

Unakumbuka nilipozunguka Mpala na Nyunzu nikiwapima watoto wagonjwa, na wewe ukinifungia mihogo ya njiani? Makala niliyoandika wakati ule ndiyo inayotajwa na kila mtu mpaka leo, na niliisaini Joseph Kalumba. Kisha serikali ya kwetu ikakataza majina ya ubatizo, eti ni ya Kizungu, Papa akaniongezea jina la baba yake, nikawa Kalumba Kisimba. Watu wa huku wakaona jina la mwisho, wakadhani ndilo la ukoo. Tangu siku hiyo Kalumba alinyamaza, na Kisimba akazaliwa akiwa na ndevu. Profesa alifikiri Kalumba alikufa zamani.

Nilipomweleza, aliomba radhi. Lakini akasema waliokwisha kuchapa jina la Kalumba hatuwezi kuwafuata mmoja mmoja. Nikirudia Joseph Kalumba, sifa zote ni zangu. Nikibaki Kisimba, nitahesabiwa kama kijana anayeanza. Alitaka jibu Jumatatu.

Utasema ni jambo rahisi. Lakini nilimkumbuka Papa. Ulinisimulia jinsi alivyoibeba makala yangu ya kwanza yenye jina la Kisimba mpaka reli, akawaonyesha wenzake, ingawa Kifaransa cha mule ndani hakukielewa. Alilala nayo chini ya mto mpaka alipotuacha. Niliona aibu hata kufikiria kulitoa jina lile, na chakula kikanishinda.

Jumapili ndipo Mulongo alipokuja. Hata hajakaa, akaniamkia kama kaka yake mkubwa, "Yaya, Mama Yozefu anakusalimia sana. Ni yeye njo alinipatia hizi ndakala. Anasema usikule mukate tu kila siku, utakonda."

Nikamuuliza, "Bado wanamwita Mama Yozefu?"

"Sasa wamuite namna gani? Soko yote njo wanamujua vile. Hata bibi ya komisere, ule mukubwa wa serikali, anamuita vile."

Kumbe serikali ilimfuta Yozefu kwenye pasi yangu, ikasahau kumfuta katika jina lako. Nikakusikia tena, kama siku zile za katazo, ukiniita ndani kwa sauti ndogo, "Yozefu, kuya ukule," na Papa barazani akikohoa kujifanya hajasikia. Alisikia kila siku, Mama, na hakukukataza.

Jumatatu nilimjibu profesa: Joseph Kalumba. Jana wamenipa nafasi ile. Nimefurahi, lakini sikufichi, nimelia pia, kwa sababu kazi ya kudumu maana yake sirudi upesi. Nitakuja likizo tu, nipewe kiti cha wageni katika nyumba yetu.

Nina ombi. Dada yangu Feza akijifungua mtoto mwanamume, mumwite Kisimba. Mumtume dukani kwa jina hilo, mumgombeze kwa jina hilo, lisikae bure.

Nisalimie Feza na mumewe, na shangazi yangu wa Mpala, na mjomba mtengeneza mitumbwi. Baba yake Mulongo mwambie mwanawe anasoma vizuri, na koti la baridi amelipata kwangu.

Huku wananitaja watu wasioujua hata uso wangu. Lakini wewe ukipita sokoni na kapu lako, kila anayekuita ananitaja mimi. Kwa hiyo wakikuita, Mama, itika kwa sauti.

Ni mimi mwanao,
Yozefu