Picha Namba 17 na Blanketi la Chwele

CHAMA CHA PICHA NA HABARI, KITALE NA BUNGOMA

Kumbukumbu za kikao cha nne cha kamati, kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 Julai 1951, katika darasa la tatu la shule ya kanisa, Bungoma, kuanzia saa nne asubuhi.

Waliohudhuria:
Bw. Jotham Wabwile, Mwenyekiti (ndani hadi Kumb. Na. 22/51, kisha barazani hadi Kumb. Na. 24/51)
Mzee Wekoye, Makamu wa Mwenyekiti
Bi. Agneta Nekesa, mjumbe wa akina mama, ambaye ni mke wa Mwenyekiti
Bw. Kinyua, mpiga picha wa chama, kutoka Kitale
Bw. Ngari, Katibu, kutoka Kitale

Aliyekosa kwa udhuru: Bw. Kimutai wa Cheptais. Ng'ombe wake alikuwa anazaa.
Aliyekosa bila udhuru: Bw. Absalom, kwa mara ya tatu.

KUMB. NA. 19/51: KUFUNGUA KIKAO

Mzee Wekoye aliomba. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa mahindi, kwa barabara ya Kitale kupitika, na kwa kila mjumbe akimtaja kwa jina, isipokuwa Katibu. Sababu yake ilijulikana baadaye.

KUMB. NA. 20/51: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa. Mwenyekiti alipinga neno "alinguruma" katika ukurasa wa pili, akasema yeye hangurumi, yeye hueleza. Ilikubaliwa paandikwe "alieleza kwa sauti iliyosikika". Zilithibitishwa.

KUMB. NA. 21/51: ONYESHO LA KITALE

Bw. Kinyua aliarifu kwamba onyesho la kwanza la chama lilikaa wazi siku kumi na mbili mwezi wa Juni. Picha thelathini na moja zilitundikwa: wachuuzi wa Chwele, wakulima wa Cheptais wakishusha vitunguu kwa punda, wanafunzi wa Kibabii wakicheza mpira, na nyinginezo. Alisema watu wengi hawakuwa wamewahi kuona ukutani picha ya mtu yeyote ila Mfalme na yule mama wa kalenda ya duka. Mama mmoja kibarua wa mashambani aliona picha ya mikono yake mwenyewe ikimenya mahindi, akasimama hapo mpaka ukumbi ukafungwa. Kesho yake alirudi na mkungu wa ndizi.

Kamati ilishukuru. Bi. Agneta aliomba mama huyo atumiwe nakala ya picha, na ikakubaliwa bila mabishano, jambo ambalo Katibu analiandika kwa furaha kwa kuwa halikutokea tena siku hiyo.

KUMB. NA. 22/51: PICHA NAMBA 17

Mwenyekiti alieleza, kwa sauti iliyosikika, kwamba tangu mwezi jana hawezi kupita sokoni Chwele. Watu wanamwuliza habari za bibi yake mpya. Kuna mtu kutoka Bungoma aliyefika Kitale, akaona picha namba 17, akasoma maneno yaliyobandikwa chini yake, akakimbia kurudi kuyatangaza.

Katibu alitakiwa kuyasoma maneno hayo. Alisoma: "Bwana na bibi wakinunua blanketi, soko la Chwele, Desemba 1950."

Mzee Wekoye aliuliza ni nani aliyeandika. Katibu alijibu kuwa ni yeye. Aliona mwanamume na mwanamke wamesimama karibu, blanketi moja kati yao, akadhani. Mwanamume alikuwa ameinamisha kofia, hivyo Katibu hakumtambua Mwenyekiti wake mwenyewe. Kinyua aliongeza kwamba yeye alitaka kuwauliza watu wa Bungoma kwanza, na Katibu akamwambia hakuna muda. Hilo ni kweli, ingawa hakuwa na haja ya kulitaja mara mbili.

Kwa faida ya wanachama wa Kitale, ambao Katibu ni mmoja wao, Mzee Wekoye alieleza kosa lenyewe. Mwanamume aliye pichani ni Mwenyekiti. Mwanamke si mke wake. Ni marehemu Mama Khakasa, aliyemzaa Bi. Agneta. Kwa watu wa hapa, mtu na mama mkwe wake hawasimami karibu, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Akimwona anakuja huku, anapita kule. Ndiyo heshima yenyewe. "Sasa wewe, Ngari," alisema, "umewaoza."

Katibu aliomba radhi kwa Mwenyekiti, kwa Bi. Agneta na kwa marehemu. Usilolijua ni usiku wa giza, na Katibu alikuwa ametembea ndani yake siku kumi na mbili, tena akipokea pongezi. Anashukuru kwamba hakufukuzwa. Hoja ya kumfukuza ilitolewa na Mwenyekiti, ikakosa wa kuiunga mkono.

Mwenyekiti alisema radhi imepokelewa, ila picha hiyo haitatundikwa kwenye onyesho la Bungoma tarehe 28, wala haitaingia kwenye kitabu cha picha cha chama. Alikumbusha kwamba bahasha ya picha za kitabu inaondoka kwa treni Jumatatu kwenda kwa mpiga chapa Nairobi. Ikiwa Kinyua anaipenda sana, achukue makasi akate katikati, kila mtu abaki upande wake.

Kinyua aliiweka picha mezani ili aonyeshe kwa nini haikatiki. Hapo Mwenyekiti aliinuka, akatoka, akakaa kwenye benchi barazani, mgongo dirishani. Alisema kikao kiendelee, anasikia vizuri.

Kinyua alionyesha kwamba Mwenyekiti amelinyanyua blanketi juu kulichungulia dhidi ya mwanga, na ncha yake imefunika bega la mama aliye nyuma yake. Popote makasi yatakapopita, yatapita kwenye blanketi au kwenye uso wa mama.

Bi. Agneta aliomba kusema. Alisema mama yake alifariki mwezi wa tatu. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Hii ndiyo ya pekee, na wala hakujua anapigwa. Watoto wake wadogo wameanza kusahau nyanya yao alikuwa na uso wa namna gani. Alisema: "Mimi sitaki kugombana na baba watoto mbele ya kamati. Lakini akikata hiyo, amemzika mama mara ya pili."

Mwenyekiti alijibu kutoka barazani kwamba hana neno na marehemu, ila marehemu ndiye aliyekuwa na neno naye. Tangu siku ya posa alisikia amesema binti yake amepotea. Miaka kumi na tisa hakutumiwa salamu. "Hata hilo blanketi nilimnunulia yeye, kwa vile alikuwa anasikia baridi. Nikampa Agneta apeleke. Hata asante sikusikia."

Bi. Agneta alisema asante ilikuja na yeye mwenyewe ndiye aliyeileta. Mama alijifunika blanketi lile usiku na mchana, akakataa lisifuliwe kwa kuogopa litachakaa, na alikuwa nalo mpaka mwisho. "Nilikuambia, baba Wanyonyi. Ukasema ni maneno ya kukufurahisha."

Mwenyekiti alikubali kwamba alisema hivyo.

Mzee Wekoye aliichukua picha akaisogeza kwenye mwanga. Alisema kwa upande wa heshima haoni kosa la Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa amempa mama mgongo na hakujua yuko hapo. Aliyepaswa kuondoka ni mama. Alikuwa na nafasi ya kuondoka, njia nyuma yake iko wazi, hata kuku wanapita. Hakuondoka.

Mwenyekiti aliuliza kama mama amekasirika.

Mzee Wekoye alisema yeye macho yake ni ya zamani, aulizwe binti. Bi. Agneta alisema hajakasirika.

Mwenyekiti aliuliza: "Anatazama wapi? Anatazama blanketi?"

Bi. Agneta alisema: "Hapana. Blanketi hata halitazami. Anakutazama wewe, na anacheka kidogo."

Kinyua alitoka kwenda kumpa Mwenyekiti maji, akarudi na kikombe kikiwa bado kimejaa.

Kisha Mwenyekiti alieleza, kwa sauti ambayo Katibu alilazimika kusogea dirishani ili aisikie, kwamba anaondoa hoja ya makasi. Picha itundikwe Bungoma, ila isitundikwe mahali atakapoiona. Siku ya ufunguzi iwekwe ukutani nyuma ya kiti chake. Yeye atampa mgongo kama alivyompa miaka yote, na mama aendelee kutazama.

Bi. Agneta aliunga mkono. Alilia kidogo, na hakuomba jambo hilo liachwe nje ya kumbukumbu.

KUMB. NA. 23/51: MANENO YA CHINI YA PICHA

Katibu alikiri hadharani kwamba hataandika tena neno chini ya picha ya Bungoma kabla ya kumwuliza mtu wa Bungoma. Alipendekeza paandikwe majina ya wote wawili. Mzee Wekoye alimkumbusha kwamba Mwenyekiti halitamki jina la mama mkwe, na si vizuri kulibandika karibu na lake. Katibu aliondoa pendekezo lake, na anajipongeza kwa hilo.

Mwenyekiti aliomba ayatoe yeye maneno hayo. Aliyatamka kutoka barazani, polepole, na ndivyo yatakavyokuwa ukutani na kitabuni:

"Chwele, Desemba 1950. Mtu akichagua blanketi. Nyuma yake ni mwenye blanketi."

Yalipitishwa na wote.

KUMB. NA. 24/51: SHUKRANI NA KUFUNGA

Picha ilifunikwa kwa kitambaa cha meza, na Mwenyekiti akarudi ndani. Alimshukuru Kinyua kwa kuendesha baiskeli na kamera mgongoni kutoka Kitale hadi Chwele, na kwa kupiga picha bila kuomba watu wajipange. Alimshukuru Bi. Agneta. Alimshukuru hata Katibu, akisema kosa lake limewaleta watu mezani kuitazama picha ambayo wangeipita.

Mwisho aliomba kumbukumbu zionyeshe pia shukrani zake kwa mtu mmoja ambaye yeye hamtaji jina. Katibu aliuliza aandikeje. Mwenyekiti alisema: "Andika hivyo hivyo. Atajua."

Mzee Wekoye aliomba tena, na safari hii Katibu alitajwa. Kikao kilifungwa saa saba na dakika ishirini mchana.

J. Wabwile, Mwenyekiti (sahihi)

Ngari, Katibu (sahihi)