Karibu, Saplimenti

Bonareri, nimetoka mezani kwa babu, chakula kimenishinda. Anatuhadithia huku akicheka!

Ati 1974 alimleta mke wa pili hapa Keumbu, akamwambia nyanya akichanganya na Kizungu, "Huyu ni saplimenti yangu." Nyanya akadhani ni jina. Akasema, "Karibu, Saplimenti."

Bonareri, alimwita hivyo mwaka mzima! Hata sokoni, mbele ya watu!

Mpaka mwalimu mmoja akamweleza: saplimenti ni kitu unachoongezea kile kisichotosha. KISICHOTOSHA! Mama wa watoto wake sita!

Nyanya akarudi nyumbani, akamuuliza mke mwenzake, "Mama, jina lako hasa ni nani?"

Akajibu, "Nyamoita."

Babu bado anacheka. Nyanya wote wawili wamehamia jikoni na sufuria ya nyama, wamefunga mlango kwa ndani.