Nishani ya Amani

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana hukupenda salamu ipite bila jibu.

Arubaini yako imekwisha. Walikuja watu wengi, wakala, wakakusifu, na baadhi ya waliokusifu ndio wale waliokuwa wakisema unawapigia kelele. Zumari yako iko juu ya kabati, nimeivika foronya. Kiti chako amekitwaa paka. Mimi sikulia sana, unanijua. Nashona nguo za harusi za watu kama kawaida, ikiisha hii naanza nyingine.

Ila kuna jambo limenipa kazi, nalo ni nishani yako.

Wazee wa hapa Mambrui wanatengeneza chumba cha kuwekea vitu vya zamani. Wameiomba nishani waiweke ndani ya kioo, wakanitaka niandike kikaratasi cha kueleza ulipewa na nani, na kwa nini. Nikaona ni kazi ndogo. Si mimi niliyekuwa nikikubadilishia utepe kila ulipochakaa? Nikakaa, nikaandika "Nishani ya Amani", halafu nikakwama.

Ami Athmani anasema ulipewa na mkubwa mmoja wa serikali, kwa kuwapatanisha watu waliogombania maji. Watu gani, hakumbuki. Mkubwa gani, amekwisha kufa. Yule msimamizi wa hoteli ya Bofa uliyokuwa ukiwapigia wageni anaapa kwamba ulivishwa na mzungu aliyelia ulipopiga. Nishani yenyewe haisemi kitu. Upande mmoja una mchoro wa ndege au mwenge, umesuguliwa na kanzu zako mpaka hautambulikani, na upande wa pili ni mtupu. Wewe nawe kila tulipokuuliza ulijibu vile vile: "Ni nishani ya Amani." Kisha ukaendelea na chai yako.

Nikamwendea Bakari, mpiga ngoma wako wa chapuo. Alitazama chini, akakohoa, mwisho akasema, "Mwanangu, ile kaipata Ganze. Mahangani."

Mahangani! Wewe, mtoto wa msikitini, ulikwenda kupiga zumari kwenye matanga ya watu wanaoomboleza kwa ngoma. Nikaelewa kwa nini ulinyamaza. Ami Athmani angekusomea hotuba ambayo mpaka leo ingekuwa haijafika katikati.

Basi tukaenda Ganze, mimi na Bakari. Tulipotaja nishani ya Amani, nyumba tulionyeshwa mara moja, kwa kuwa mwenyewe anaitwa Mama Amani. Nilikuwa nimekwenda kutafuta asili ya amani, nikaambiwa ina mama.

Ni mzee sasa, na macho yake yamefifia. Alitusimulia bila haraka. Mwanawe Amani alikuwa mkimbiaji, akapata nishani kwenye mashindano ya shule. Alipenda zumari yako kupita kiasi. Akisikia una harusi, hushuka mpaka Mambrui, akasimama nyuma ya watu, akasikiliza, akarudi kwao. Kisha akaugua, akafa angali kijana. Mama yake akatuma watu waje wakuite, nawe ukaenda. Ukapiga wimbo wa polepole ambao hakuna aliyeujua. Ulipomaliza, alikuvika ile nishani akakwambia, "Enda naye harusini. Alikuwa akipenda harusi."

Nikampa nishani aishike. Akaipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Ndiye."

Dada wa Mama Amani, aliyekuwa akipepeta mahindi pembeni, akasema ya Amani ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Wakabishana kidogo, kila mmoja akabaki na lake. Mimi sikuweza kuamua, na hata sasa siwezi kuapa. Mama Amani hakutaka arudishiwe. Alitaka tu kwamba huko itakakowekwa, jina la mwanawe lisomwe.

Tulipokuwa tukirudi ndipo nikakumbuka. Kila harusi, kabla ya jambo lolote, ulikuwa ukisema, "Tumkaribishe Amani kwanza." Kisha unapiga wimbo wa polepole, usiochezeka, na watu wanangoja umalize kuipasha moto zumari yako. Mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa nikikusahihisha. "Baba, si tumkaribishe, ni tuikaribishe. Amani si mtu." Nawe unacheka: "Umesoma, mwanangu." Hata siku ya harusi yangu nilikusahihisha, nimepakwa hina mpaka viwikoni.

Baba, hapo nililia. Bakari akajifanya anatazama mashamba.

Ami Athmani nimemweleza yote. Alinuna. Anasema nitakivua kijiji nishani kwa ajili ya mtoto wa watu tusiyemjua. Kesho yake alikuja na shauri: niandike kwa herufi kubwa tupu, NISHANI YA AMANI, kila mtu asome atakavyo. Ni shauri la mtu mjanja, na nilikaribia kulikubali. Lakini wewe ulikuwa ukisema kwa mdomo, na mdomo hauna herufi kubwa wala ndogo. Mimi nimepewa kalamu.

Nimeandika hivi: "Nishani ya Amani, kijana wa Ganze, kama inavyosemekana. Mpiga zumari aliivaa ili Amani ahudhurie harusi." Hilo "inavyosemekana" ni haki ya yule dada na ungo wake. Ami amekisoma kikaratasi, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga.

Nikuache upumzike, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako. Mjukuu wako Zuhura anaolewa karibuni, na mpiga zumari tumemtoa mbali, hajui mambo yetu. Nitamwambia aanze polepole. Mama Amani nimemwalika, nitamkalisha mbele. Watu wakinung'unika kwamba bibi harusi anasubirishwa, nitasimama mimi, Ami Athmani akinitazama, niseme kama ulivyokuwa ukisema wewe, wala sitasahihisha neno:

"Tumkaribishe Amani kwanza."

Mwanao,
Mwanaesha