Vikombe Angavu vya Uji wa Nasari

Shangazi Winfred mpendwa, nisaidie kabla lori halijaondoka. Mimi naitwa Ndambuki, nakaa Mumbuni, niko na kazi kiwanda kimoja huko Mavoko, tunatengeneza vikombe kwa plastiki inayotoka kwa mahindi, wenyewe wanaiita polilaktaidi, na kazi yangu ni kuchanganya na kuangalia moldi, zile kalibu za kuundia vikombe, na Shangazi usinicheke, naipenda mpaka naiota mchana, kwa sababu ukipoza kikombe haraka kinatoka angavu, unaona vidole vyako upande wa pili kama viko ndani ya maji, lakini ukikiacha kwa moldi ya moto kinaganda chembe ndogo ndogo, ukungu unaingia polepole kutoka pembeni, na mimi nasimama hapo nautazama mpaka kengele ya chakula inalia na sijui saa zimeenda wapi.

Shida ni kwamba kile angavu kikikutana na kitu cha moto kinalegea, na kile cha ukungu kinavumilia lakini chembe zikiwa kubwa kinavunjika kama biskuti. Nilihangaika wiki tatu nikapata dawa: unga wa talki kidogo ndio chembe ziwe nyingi na ndogo, plastiki laini kidogo ndio kisivunjike, na sekunde arobaini zaidi kwa moldi ya moto. Kikatoka cha nguvu kabisa, lakini cheupe kama jicho la mbuzi mzee, nikakichukia, nikaificha kwa droo karatasi niliyoandika hiyo dawa. Fomu ya kupima inataka umimine maji yanayotokota, mimi nikamimina kwa kile angavu chai ya kantini, ile inakaa kwa themosi tangu asubuhi, kikasimama wima, nikaandika “kimepita” nikatia sahihi. Sasa vikombe elfu tatu vya hiyo aina angavu vinangoja lori viende shule za nasari, vya uji.

Jumamosi tulipeleka ntheo, zile mbuzi za kuposa, kwa akina mchumba wangu Mwongeli huko Kola, na kwa kujiona nikabeba vikombe kumi na viwili vya zawadi. Chai ikaja moja kwa moja kutoka motoni. Mwongeli akamimina, watu wakisema, “Aiya, ni kama kunywa hewa!” Shangazi yake, anaitwa Nthambi, kuinua chake tu, kikajikunja, chai yote kwa paja. Mama yake akamgombeza Mwongeli mbele ya wageni, “Unamimina kama mlevi, macho yako yako wapi?” Na mimi nikanyamaza. Mwongeli aliniangalia mara moja, akaenda kuleta maji baridi, na tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Nikisema ukweli nafutwa kazi, na nani atampa binti yake mtu hana kazi? Lakini nikifumba macho naona mikono midogo imeshika vikombe. Nifanye nini?

Ndambuki, Mumbuni

*

Ndambuki,

Nimeruka barua ishirini za watu wenye subira ili nikujibu wewe, kwa hiyo nisikilize.

Nakuhurumia, kweli. Mtu anayependa kazi yake hivyo ni adimu, na hata mimi nimekaa hapa nikiuona huo ukungu wako ukiingia. Lakini pole yangu inaishia hapo. Nimekulia Kivaa kwa wafuga nyuki. Asali ikiganda, watu wa mjini wanairudisha, eti imetiwa sukari, wanataka ile inayong’aa. Baba alichukua kijiko cha asali iliyoganda laini, akakoroga ndani ya debe zima, na yote ikaganda laini kama siagi. Talki yako ni kijiko hicho. Dawa unayo, umeifungia kwa droo kwa sababu haikupendezi! Na ile chai ya themosi uliichagua ukijua.

Kesho toa hiyo karatasi. Ingia kwa bosi na birika linalotokota, mimina kwenye kile angavu akiona, kisha kwenye kile cheupe. Sema sahihi kwenye ile fomu ni yako, na lori lisitoke. Akikufuta, utatoka na ujuzi ambao yeye hana, na nadhani atalifikiria hilo kabla hujafika getini.

Kisha Kola. Nenda na mjomba wako, maana ukienda peke yako watadhani umekuja kudai mbuzi zako. Mwongeli aliaibishwa mbele ya watu, kwa hiyo umsafishe mbele ya watu, mama yake akisikia na Nthambi akisikia. Usimwombe akurudie siku hiyo. Ulimwacha abebe kosa lako naye akalibeba bila neno. Mwache apumzike, aamue mwenyewe.

Lakini kiwanda kwanza. Mapenzi yako yanaweza kungoja. Watoto wa nasari hunywa uji saa nne. Wewe uwe mlangoni kwa bosi saa mbili.

Shangazi Winfred